Kuni Kavu

Huku Magwagwa mvua hunyesha karibu kila mwezi, na usiku una baridi. Mwenye busara hupasua mkaratusi Januari, akapanga kuni kichanjani juu ya meko. Tena hupanda miche leo kwa moto atakaouota miaka saba ijayo (asiipande karibu na chemchemi, maana mti huu hunywa maji mno!). Ni vyema. Lakini jirani yako mjane anapuliza kuni mbichi. Nyumba imejaa moshi, watoto wanakohoa. Mjane wa Sarepta, katika 1 Wafalme 17, alikuwa akiokota kuni mbili tu Eliya alipomwomba mkate. Alisita, kisha akampa. Wewe unayo mizigo mingapi? Jioni hii, kabla ya giza, mpelekee mmoja.