Kina Kwanza, Duka Baadaye: Kuchagua Sona kwa Mashua ya Chama

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kibaha na Kisarawe



Huenda ikaonekana ajabu kwamba wanaushirika wa Kibaha na Kisarawe wakutane kuzungumza habari za bahari, hali wilaya hizi mbili leo hazina pwani. Lakini wazee wanakumbuka kwamba kabla ya Mkuranga kumegwa kutoka Kisarawe katika miaka ya 1990, Kisiju ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kisarawe. Na kutoka Kibaha kwenda Bagamoyo si safari ya kulala njiani. Mkulima wa korosho hupata fedha kwa msimu, na msimu ukiharibika hana pa kushika. Kwa sababu hiyo, si jambo la kushangaza chama kikifikiri kuwa na mradi wa pili, na miongoni mwa miradi inayofikiriwa ni mashua ya kuwachukua wageni wanaopenda kuvua kwa mshipi kwa ajili ya burudani.

Mashua ikiisha kupatikana, swali lifuatalo huwa ni sona, yaani mtambo wa kupima kina na kutafuta samaki kwa mwangwi. Hapo ndipo hatari ilipo. Fedha zitakazotumika ni za wanachama, na wengi wao hawajapata kukanyaga mashua. Wanachama hao hawawezi kujua kama kamati imenunua kitu kinachofaa au imenunua kioo kizuri cha kutazama. Kwa hiyo hapana budi katibu na wajumbe wajue wanachokitafuta kabla hawajaingia dukani.

SONA HUFANYAJE KAZI

Sona si kitu kipya, wala si uchawi. Baada ya meli ya Titanic kugonga mwamba wa barafu mwaka 1912, mafundi walijitahidi kutafuta njia ya kutambua vitu majini kwa kutumia sauti. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Paul Langevin wa Ufaransa aliiendeleza elimu hiyo kwa ajili ya kutafuta nyambizi. Mwaka 1948 huko Nagasaki, Japani, ndugu wa ukoo wa Furuno walianza kuuza mitambo ya namna hiyo kwa wavuvi. Hapa kwetu, meli ya utafiti ya Norway iitwayo Dr. Fridtjof Nansen ilipima wingi wa samaki katika pwani ya Tanzania kwa njia ya mwangwi mwaka 1982 na 1983, na Ziwa Victoria nalo limepimwa kwa njia hiyo ili kukadiria wingi wa sangara na dagaa.

Kazi yenyewe ni rahisi kuelewa. Chini ya mashua hufungwa kichwa kidogo ambacho mafundi hukiita transdusa. Kichwa hicho hutoa mlio usiosikika kwa sikio la mwanadamu, kisha husikiliza. Mlio hushuka, hugonga samaki au sakafu ya bahari, na hurudi. Majini sauti hukimbia kadiri ya mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 4 za mia za sekunde, sauti imekwenda na kurudi mita 60. Basi sakafu iko mita 30 chini. Sona hupiga hesabu hiyo mara nyingi kwa dakika na kuichora kwenye kioo.

Yako mambo matatu ambayo mnunuzi hana budi kuyafahamu.

Kwanza, mlio hushuka kwa umbo la pia, mwembamba juu na mpana chini. Kwa transdusa ya kawaida yenye pembe ya nyuzi 20, katika kina cha mita 30 mlio hufunika duara lenye upana wa mita 10 hivi. Katika kina cha mita 6 hufunika mita 2 tu. Samaki anayeonekana kiooni anaweza kuwa popote ndani ya duara hilo.

Pili, ni ukingo wa kuume wa kioo tu unaoonyesha wakati uliopo. Michoro mingine yote ni ya maji ambayo mashua imekwisha kuyapita. Nahodha asiyelijua jambo hili hutupa mshipi kwa samaki aliowaacha nyuma.

Tatu, kinachorudisha mwangwi kwa nguvu katika mwili wa samaki ni kibofu chake cha hewa. Changu na chewa wana kibofu hicho, nao huonekana vema. Papa, taa na nguru hawana, na mwangwi wao ni dhaifu. Mgeni anayemtaka nguru ataonyeshwa zaidi ukingo wa mwamba na makundi ya samaki wadogo anaowafuata nguru, kuliko nguru mwenyewe. Muuzaji anayeahidi kwamba sona yake humwonyesha kila samaki hasemi kweli.

MAJI YA CHAMA NI YAPI?

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Swali la kwanza la kamati lisiwe bei wala ukubwa wa kioo, bali kina cha maji ambamo mashua itafanya kazi.

Ikiwa mradi ni wa Mto Ruvu au wa malambo ya ndani, sona haihitajiki. Maji hayo ni machache, nayo hupimika kwa pondo au kwa kamba yenye jiwe. Fedha za sona zingenunua mishipi, mavazi ya kuokolea maisha na paa la kivuli kwa wageni.

Ikiwa mradi ni wa bahari iliyo kati ya Bagamoyo na Unguja, maji hayo hayafiki mita 100. Mlango wa Mafia, ulioko mbele ya Kisiju na delta ya Rufiji, nao ni wa maji machache na una mafungu mengi. Katika maji kama hayo mlio wa kilohezi 200, yaani mitetemo laki mbili kwa sekunde, watosha. Mlio huo hauendi mbali sana, lakini hupambanua vizuri: huwatenga samaki wawili waliokaribiana, na humwonyesha samaki aliyelala karibu na mwamba.

Mlio wa kilohezi 50 hushuka mbali zaidi na hufunika eneo pana zaidi, ila mchoro wake ni wa jumla. Huo wafaa kwa vilindi kama vya Mkondo wa Pemba, ambako kina hufika mamia ya mita, au mashariki ya Unguja na Mafia ambako sakafu huporomoka ghafula. Chama kitakachofanya kazi mbele ya Bagamoyo kikinunua sona ya kilindi cha mita 500 kitakuwa kimelipia maji ambayo hakitayafika.

Kwa hiyo kabla ya kuomba bei, nahodha na wajumbe wawili waende na bildi katika sehemu zinazokusudiwa, wapime wakati wa maji kujaa na wakati wa maji kupwa, na waandike vipimo hivyo katika daftari la chama. Kazi hiyo ni ya siku mbili au tatu, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kununua visivyo.

MAMBO YA KUANGALIA DUKANI

Mwili wa mashua. Mlio hupenya ganda jembamba la faiba lisilo na mapovu, lakini haupenyi mbao ipasavyo. Kwa mashua ya mbao, transdusa sharti iguse maji yenyewe, ama ifungwe nyuma kwenye tezi, ama kwenye mti unaoteremshwa ubavuni. Ikae mbali na panga la injini, kwa kuwa mapovu huuziba mwangwi na kioo hujaa vumbi tupu.

Umeme. Sona nyingi ndogo hutumia betri ya volti 12. Injini nyingi za kufunga nyuma ya mashua hazina betri, kwa hiyo gharama ya betri na ya kuichaji iingizwe katika hesabu tangu mwanzo. Sona inayokula ampea 1 kwa muda wa saa 10 huhitaji ampea-saa 10, na betri isitumiwe mpaka ikauke. Pawe na fyuzi. Kama injini huwashwa kwa betri, sona iwe na betri yake, ili nahodha asikwame baharini kwa sababu ya kioo.

Kioo. Kisomeke saa sita mchana juani. Muuzaji aombwe akitoe nje ya duka. Kioo kinachong'aa ndani ya duka huweza kuwa cheusi baharini.

Nguvu. Nguvu za mlio huhesabiwa kwa wati, na kwa maji ya chini ya mita 100 wati mia chache zatosha. Wauzaji wengine huandika nguvu ya kilele, ambayo ni kubwa kuliko ya wastani. Katibu alinganishe wastani kwa wastani.

Alama za njia. Sona nyingi za siku hizi zina kipokezi cha setilaiti kinachoonyesha mahali mashua ilipo. Kwa mashua ya wageni, faida hii huenda ikapita ile ya kuona samaki, kwa kuwa nahodha huweza kurudi bandarini hata mvua ikifunika alama za bara.

Matengenezo. Iulizwe mapema ni nani atakayeitengeneza, waya na transdusa za akiba hupatikana wapi, na dhamana ni ya muda gani. Sona ya bei nafuu isiyo na fundi ni ghali. Chuo cha uvuvi cha Mbegani, Bagamoyo, kiko karibu. Ni busara kuomba ushauri huko, na ikiwezekana kumpeleka nahodha akajifunze.

HESABU NA DAFTARI

Chukulia kwa mfano tu kwamba sona, betri na kazi ya kufunga vinagharimu jumla ya shilingi 1,200,000, na kwamba kamati inatazamia vitumike kwa miaka 4. Kila mwaka mradi sharti ubebe shilingi 300,000. Mashua ikifanya safari 60 kwa mwaka, kila safari ibebe shilingi 5,000. Safari zikiwa 20 tu, kila moja ibebe shilingi 15,000. Hesabu hiyo iwekwe ubaoni mbele ya wanachama, maana ndiyo inayoonyesha kama sona inasubiriwa na wageni au inasubiri wageni. Ikiwa wageni hawajulikani bado, ni afadhali mashua ianze na bildi na nahodha mzoefu, na sona ifuate mapato yatakapoonekana.

Utaratibu nao usirukwe. Masharti ya chama yaangaliwe kama yanaruhusu shughuli hiyo. Mkutano mkuu uidhinishe matumizi. Na kama fedha ni za mkopo, zisivuke ukomo wa madeni uliowekwa na mkutano mkuu na kukubaliwa na Mrajis chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Ziombwe bei kwa maandishi kutoka kwa wauzaji watatu. Malipo ya mwisho yasitolewe mpaka sona ijaribiwe majini: bildi iteremshwe ubavuni mwa mashua, na kipimo chake kilinganishwe na kile cha kioo. Transdusa ikikaa nusu mita chini ya uso wa maji, tofauti hiyo ya nusu mita irekebishwe katika mtambo. Kisha namba ya sona iandikwe katika rejista ya mali, na nahodha atie sahihi kila anapoichukua na kuirudisha. Sona iliyolala nyumbani kwa mjumbe si mali ya chama tena, hata kama stakabadhi ingali faili.

SONA HAITOI RUHUSA

Mwisho, wanachama wakumbuke kwamba kifaa hiki huonyesha samaki lakini hakiwazalishi. Mwamba uliotiwa alama katika mtambo waweza kurudiwa kila siku bila kukosea hata mita chache, na chewa, ambaye hukua polepole, huweza kwisha hapo kabla chama hakijarudisha gharama zake. Ni vema nahodha aagizwe kubadilisha sehemu, na wageni wahimizwe kuwarudisha majini samaki wadogo. Leseni na masharti ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yafuatwe. Maeneo tengefu ya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, yaliyotangazwa mwaka 1975, yana sheria zake, na samaki kuonekana kiooni si kibali cha kuwavua.

Kwa muhtasari, kamati ipime kina, ihesabu safari, imtafute fundi, ndipo iulize bei. Kamati itakayofuata mpango huo itaweza kusimama mbele ya mkutano mkuu na kumweleza hata mwanachama asiyejua kuogelea ni kwa nini fedha yake ilinunua sona hii na si nyingine, au ni kwa nini haikununua yoyote. Mwanachama huyo anastahili kupewa jibu hilo, kwa kuwa korosho zake ndizo zilizoinunua mashua.