Usingizi, Ubongo na Watu wa Ziwani



Miongoni mwa mambo ambayo mwanadamu huyauliza mara kwa mara, na kuyapatia majibu ya haraka kuliko yanavyostahili, ni mambo ya ubongo wake mwenyewe. Huulizwa kama ni kweli kwamba tunatumia fungu moja tu katika kumi la ubongo na tisa yamekaa bure. Huulizwa kama mwenye kichwa kikubwa ana akili nyingi. Na huulizwa, na wazee kwa vijana, kama mtu akilala ubongo wake nao umelala. Maswali mawili ya kwanza sitayakawilia. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ilhali hula karibu asilimia 20 ya nguvu zote ambazo mwili huzitumia ukiwa umetulia. Wala haiyamkini kiungo chenye gharama kubwa namna hiyo kiwe kimelishwa miaka yote ili sehemu yake kubwa ikae bila kazi. Na ukubwa wa kichwa si kipimo cha akili; kichwa cha mtoto mchanga kikikua kupita kiasi, huenda ni maji yamejaa ndani yake, na mama ampeleke hospitali upesi.

Bali swali la usingizi nataka tulikalie, kwa sababu watu wa Ziwa Victoria walijibiwa swali hilo kwa msiba, kabla vitabu havijalijibu.

Karne ya 20 ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza, malale, yaani ugonjwa wa usingizi, yaliushika mwambao wa kaskazini, Busoga na Buganda na visiwa vya Sese, yakaua katika miaka michache watu wanaokadiriwa kupindukia laki mbili, hata serikali ya Kiingereza ikawahamisha watu kutoka pwani na visiwani, mashamba yakarudi kuwa msitu. Maradhi yenyewe huanza kwa homa na kuumwa kichwa, kama homa nyingine yoyote. Kisha hugeuka. Mtu aliyekuwa mpole huwa mgomvi, aliyekuwa nadhifu huacha kujitazama, na mchana, akiwa ameketi na wenzake kwenye sinia, usingizi humchukua tonge likiwa bado mkononi. Lakini usiku, jamaa zake wote wamelala, yeye yu macho, akizungukazunguka uani. Mwaka 1902 tabibu wa Kiitalia, Aldo Castellani, alipotazama kwa hadubini huko Entebbe maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, aliona vijidudu vyembamba vikijinyonganyonga; na mwaka uliofuata David Bruce akadhihirisha kwamba mchukuzi wavyo ni nzi aitwaye ndorobo.

Ajabu iliyo kubwa zaidi haikujulikana mpaka miaka mingi baadaye, wagonjwa walipopimwa usingizi wao usiku na mchana: ikaonekana kwamba jumla ya saa wanazolala haizidi sana ile ya mtu mwenye afya, ila zimetawanyika ovyo, kipande mchana na kipande usiku. Vijidudu haviongezi usingizi. Huvuruga mpango wake. Na mpango huo una mahali pake, kwani chini ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana, pana vifungu viwili vidogo vya chembe za fahamu, makumi ya maelfu tu katika bilioni 86 hivi zilizomo kichwani, na hivyo ndivyo vinavyopokea habari ya nuru kutoka machoni na kuuambia mwili mzima kwamba kumekucha au kumekuchwa. Kwa hiyo usingizi si kuzimika kwa ubongo kama taa iliyoishiwa mafuta. Ni kazi yake mojawapo, inayoendeshwa kwa utaratibu: ndani yake mambo tuliyojifunza mchana huimarishwa, na zipo nyakati za ndoto ambapo macho hukimbia chini ya kope na ubongo hushughulika kama wa mtu aliye macho.

Robert Koch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alifika hapa Mwanza mwaka 1906 kabla ya kuweka kambi yake Sese, na huko akawadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili, iliyotokana na sumu ya aseniki. Wengine walipata nafuu. Lakini kipimo kilipozidishwa wapo waliopofuka wasione tena, kwa kuwa dawa iliuharibu mshipa wa jicho, nao kwa hakika ni kipande cha ubongo kilichochomoza hadi nyuma ya jicho. Watu wale hawakuwa na hiari kubwa katika jambo lile, na naona ni dhuluma habari za elimu hii kusimuliwa kwa majina ya matabibu peke yao. Ikaja suramini, ikasafisha damu, lakini ugonjwa ukishaingia kichwani haikufaa kitu, maana kuta za mishipa ya damu ya ubongo huzuia vitu vingi visipenye, zikiwemo dawa. Ile iliyopenya, melasoproli ya mwaka 1949, nayo ya aseniki, iliponya wengi na kuua takriban mgonjwa mmoja katika kila ishirini.

Upande wetu malale yalizuka Maswa mwaka 1922, na katika miaka hiyo Wasukuma wa Shinyanga walitoka kwa maelfu kufyeka vichaka wanamokaa ndorobo. Leo maradhi haya yamekuwa nadra, alhamdulillahi, lakini funzo lake tumelisahau mapema mno. Maadamu kijidudu kisichoonekana kwa macho kiliweza kumgeuza mpole akawa mgomvi na kumlaza mchapa kazi mchana, yatupasa tuchelee kusema uvivu, au kurogwa, kila tuonapo tabia ya mtu imebadilika ghafla. Degedege la mtoto nalo ni hivyo hivyo: ni ubongo uliochafukwa, aghalabu kwa homa kali au malaria iliyopanda kichwani, na saa zinazopotea kwa mganga ndizo saa ambazo zahanati ingemwokoa. Mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, ondokeni naye.

Nimalize kwa wavuvi wa dagaa. Pitieni mwaloni Kirumba asubuhi, mtawaona vijana waliotoka ziwani, macho mekundu, wamejilaza kivulini kando ya mitumbwi, kofia usoni, na kila baada ya muda mfupi jua humfikia mmoja akaamka na kusogea. Usiku kucha wamekaa mbele ya taa kali, na sasa nuru ya jua inaviambia vile vifungu vidogo kwamba ni wakati wa kazi. Usingizi waupatao ni wa vipande. Tena mwezi ukishapevuka huacha kuvua, wakarudi kulala usiku kama sisi, na giza likirejea huanza upya, hata ubongo haupati muda wa kuzoea upande wowote. Wanaokwenda majini wakiwa hivyo ni wepesi wa kukosea kamba, na ziwa hili likichafuka halingoji mtu apate fahamu. Nawaomba matajiri wa mitumbwi wawajengee kambini banda lenye giza na hewa, hata la nyasi, na wasiwaamshe saa nne ya asubuhi kushona nyavu. Kazi hiyo ianze alasiri.