Mtoto Asiyeweza Kuomba Maji

Hapa Eldoret asubuhi huwa baridi, basi tunalisahau jua la Januari na Februari. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo husikia kiu lakini wengi wao hawawezi kusema. Mama mmoja aliniambia, "Sista, nampunguzia maji asilowanishe nepi." Namwelewa, kufua si mchezo. Lakini mwili wake utaishiwa maji upesi. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, ameketi wima, kichwa kimeinama mbele kidogo. Usimnyweshe akilala chali. Maji yanaweza kuingia mapafuni. Akikohoa kila anapomeza, tuleteeni tumwangalie. Midomo ikikauka, au nepi ikikaa kavu kwa muda wa saa 6, mpeleke hospitalini, usingoje kesho.