Kusoma Biblia Wakati wa Dhiki ya Moyo

Maneno yaliyotolewa katika semina ya maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika

 

Kamati ya Jubilei imeniomba niseme juu ya kusoma Neno la Mungu wakati moyo umevunjika. Walionitangulia wamewaeleza habari za majengo, za wainjilisti na za safari ndefu za baiskeli, nasi tumezifurahia. Lakini usharika haujengwi kwa matofali peke yake. Umejengwa pia na watu waliofungua Biblia usiku, kwa mwanga wa kibatari, baada ya kurudi kutoka makaburini. Habari za watu hao hazimo katika kumbukumbu za vikao vyetu.

Nchi yetu hii, tangu Shinyanga hata Kahama na Geita, inayo dhiki ya namna yake. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 watu 25 walifukiwa katika mgodi wa Nyandolwa, Shinyanga, na kwa zaidi ya majuma mawili jamaa zao walishinda juu ya ardhi wakingoja habari. Mwaka 2015, katika wilaya ya Kahama, wachimbaji sita walifukiwa huko Nyangalata tarehe 5 Oktoba. Watu wengi walikwisha kuwahesabu kuwa wafu. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watano walitolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alikuwa amefariki kule chini. Waliishi kwa mizizi, wadudu na maji ya matope. Ninawataja hawa kwa kuwa dunia nzima ilisikia habari zao. Lakini kila mchungaji aliyehudumu kandokando ya maduara amezika vijana ambao redio haikuwataja, na amekaa na mama ambaye mwanawe aliaga kwamba anakwenda Geita, na tangu hapo hakuna barua wala simu.

Mtu aliye katika hali hiyo huisoma Biblia kwa namna gani? Nitaanza na namna iliyo mbaya, kwa sababu hiyo ndiyo inayotuumiza zaidi.

Wako wanaoifanya Biblia kuwa ramli. Mtu hufumba macho, hufungua popote, huweka kidole, na mstari ulio chini ya kidole ndio jibu: aingie duarani leo au asiingie, auze ng'ombe au asiuze, mtoto atapona au hatapona. Wengine huilaza chini ya mto kama hirizi, wala hawaifungui. Hayo tungeweza kuyacheka kidogo na kuyapita. Lakini yako makubwa kuliko hayo. Mtu amefiwa na mtoto, au duara lake limekataa kutoa dhahabu miezi sita, na mwombezi mmoja anamwagiza asome Zaburi ya 109 usiku wa manane, siku saba, huku akimtaja kwa jina yule anayemdhania kuwa adui. Na adui huyo, ndugu zangu, aghalabu ni nani? Ni bibi kizee wa jirani mwenye macho mekundu. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepikia kuni mbichi na mavi ya ng'ombe kwa miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha. Katika Usukuma akina mama wa namna hiyo wamekatwa mapanga. Ndugu zetu wenye ualbino nao waliwindwa katika mikoa hii ya Ziwa, hasa kuanzia mwaka 2006 na kuendelea, kwa sababu watu waliotamani mali waliambiwa kwamba viungo vyao vina bahati. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli mwezi wa Januari 2015. Je, ramli iliyofukuzwa kwa mganga ipewe kiti katika nyumba ya Mkristo, ikiwa imevaa jalada jeusi la Biblia?

Zaburi ya 109 imo katika Biblia, wala siwaambii muiondoe. Ni sala ya mtu aliyeonewa, mwenye hasira kali. Lakini angalieni anafanya nini na hasira yake: anaipeleka kwa Mungu na kuiacha huko. Hachukui panga, wala haendi kwa jirani usiku. Mwenye kuisoma ili apate ruhusa ya kumdhuru mtu ameisoma kinyume kabisa cha maana yake.

Namna ya pili ni ya watu wema, nayo ni kuficha. Msiba ukiingia, twakimbilia mistari ya ushindi tu, na mjane akilia sana twamwonya asikufuru. Hapo Biblia yenyewe inatushuhudia vinginevyo. Wataalamu wa Agano la Kale huhesabu yapata theluthi ya Zaburi 150 kuwa ni maombolezo. Zaburi ya 13 yamwuliza Mungu mara nne hali hiyo itadumu mpaka lini. Nyingi za zaburi hizo hugeuka kabla ya mwisho zikaingia katika shukrani, lakini ya 88 haigeuki. Msemaji wake yumo katika shimo la chini kabisa, rafiki zake wamewekwa mbali naye, na neno lake la mwisho ni giza. Nilipokuwa chuoni tulijadili sana kwa nini zaburi hiyo iliachwa humo bila kuongezewa aya ya faraja. Nimepata jibu langu katika kazi. Iliachwa kwa ajili ya yule ambaye leo hana aya ya faraja ya kuongeza, ili asidhani kwamba ametoka nje ya Biblia. Nimeisoma matangani, nami nimeona mama aliyekataa kunena siku tatu akiinua kichwa na kuuliza ni nani aliyeandika maneno yale.

Baba yetu Martin Luther hakuwa mgeni katika mambo haya. Mwaka 1527 alipatwa na huzuni nzito, na tauni nayo ikaingia Wittenberg. Mwaka 1539, katika dibaji ya maandiko yake ya Kijerumani, alitaja mambo matatu yamfanyayo mtu kuwa mwanatheolojia: sala, kutafakari, na jaribu. Hilo la tatu alililinganisha na jiwe la kupimia dhahabu. Watu wa Geita hawahitaji kufafanuliwa. Si kila kinachong'aa katika mwalo ni dhahabu, na Neno tulilolisikia mara mia katika ibada twalijua uzito wake siku tunapolilalia.

Tena yupo Ayubu. Sura ya 28 yaeleza kazi ya mchimbaji kana kwamba mwandishi amesimama Nyarugusu: mtu achimba mbali na makao ya watu, aning'inia akipepea, alikomesha giza kwa taa yake, apindua milima tangu mizizi. Kisha sura yauliza hekima yapatikana wapi, na vilindi vyajibu kwamba haimo ndani yao, wala dhahabu hainunui. Someni sura hiyo na vijana wa maduara. Ninyi akina baba wa makarasha, isomeni pia, kwa maana mwenye kuuza marudio na mwenye kubeba kifusi hawaisomi kwa sikio moja.

Lakini ziko siku ambazo mtu hawezi kusoma. Eliya alipoketi chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakuanza kwa kumsomea chuo cha torati. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena. Neno lilikuja baadaye, mlimani. Rafiki za Ayubu nao walifanya vema siku saba zile walizokaa kimya naye chini. Waliharibu walipofungua vinywa. Mkristo asiyelala majuma mawili, asiyekula, anayesema afadhali kufa, msimpe orodha ya sura za kusoma na kumwacha. Luther alipomwandikia Jerome Weller mwaka 1530, kijana aliyeelemewa na huzuni, alimsihi akimbie upweke. Mpelekeni na hospitali. Bugando ipo Mwanza, na daktari wa akili si adui wa Roho Mtakatifu. Kanisa letu lenyewe lilijua hilo mapema: Lutindi kule Usambara ilianza mwaka 1896 kwa kuwatunza watoto waliotolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 ikapokea wagonjwa wa akili.

Jambo la kukariri nalo nalisema kwa sababu wazazi wa kipaimara hunilalamikia. Wasema, watoto wana Biblia katika simu, ya nini kuwachosha? Duarani, mita sitini chini, hakuna mtandao, na betri huisha. Kitandani mwa mgonjwa mahututi macho hayaoni herufi. Yona alipokuwa tumboni mwa samaki hakuwa na chuo. Sala yake imeshonwa kwa maneno ya zaburi ambazo yaonekana alizijua tangu zamani. Mtoto na akariri basi, tena kwa lugha anayolilia. Agano Jipya kwa Kisukuma lilitoka mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Twaitumia kidogo mno. Bibi asomewapo zaburi kwa Kiswahili cha mimbarani hujibu amina. Asomewapo kwa Kisukuma hulia.

Kamati imekubali kwamba baada ya chakula tugawanyike katika makundi, kila kundi lisome Zaburi ya 88 kwa lugha zote mbili. Wainjilisti wataongoza. Naomba pasiwepo mahubiri, na mwenye kutaka kunyamaza aachwe anyamaze. Wazee wa mitaa, leteni majina ya wagonjwa na wafiwa ambao hawakuweza kufika; tutawagawana ili kila mmoja atembelewe kabla ya Jumapili, na yule mayu anayeishi peke yake nyuma ya kisima, ambaye baadhi yenu mnapita mbali na mlango wake, jina lake nimekwisha kuliandika la kwanza.