Betri ni Mali, Isiliwe Bure

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wenye magari ya umeme, Nakuru)



Tumeitwa tuseme juu ya betri, na yafaa tuanze na fedha, maana katika gari la umeme hakuna kitu cha ghali kuliko betri.

Betri hizi za lithiamu huzeeka kwa kufanya kazi, na huzeeka hata zikikaa tu. Ndani yake, juu ya grafiti, pana utando mwembamba ambao huongezeka kidogo kidogo na kumeza lithiamu. Joto huuharakisha, na betri iliyojaa pomoni huumia kuliko iliyojaa nusu. Basi gari lisiachwe juani likiwa na asilimia 100; kwa kazi za kila siku 80 yatosha. (Zipo betri za chuma na fosfeti ambazo watengenezaji wengi hutaka zijazwe kabisa mara kwa mara, ili kipimo kisome sawa. Mwenye nazo afuate hivyo.) Chaji ya haraka ni ya safari, si ya kila jioni.

Sasa stima ya nchi. Hapa Kenya mitambo huelemewa kuanzia saa moja jioni, watu wakirudi majumbani. Usiku wa manane mvuke wa Olkaria hukosa wateja. Tangu 2023 pana bei maalumu ya kuchaji magari, na ya usiku ni nafuu. Chaji ya polepole ya usiku yaifaa betri, yaifaa nchi, yaufaa na mfuko.

Lakini liko jambo linalokuja, nalo ndilo lililotuleta. Wataalamu wasema magari yaliyosimama yaweza kurudisha umeme katika gridi wakati wa jioni. Si ndoto: Japani, baada ya tetemeko la 2011, walitengeneza vyombo vya kuliwezesha gari kuwasha nyumba. Twakubali. Ila kila umeme uingiapo na kutoka, umri wa betri hupungua, ijapokuwa kidogo. Kidogo hicho ni cha nani? Mwananchi akilipwa bei ya umeme peke yake, betri yake imekodishwa bila kodi!

Twataka mkataba uhesabu uchakavu katika malipo. Tena mwenye gari aweke mwenyewe kiwango ambacho betri isishuke chini yake, na awe huru kukataa siku anayohitaji gari lake. Ikiletwa karatasi isiyo na maneno hayo, msitie sahihi. Ileteni kwanza kwa katibu wa tawi.