Bima ya Afya: Nani Amchangie Mgonjwa?



Nitasema machache juu ya bima ya afya hapa Uganda.

Yapasa kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwezi wa Machi 2001 serikali ilifuta ada katika zahanati na hospitali zake, isipokuwa vyumba vya kulipia. Wagonjwa wakamiminika, hasa maskini. Hilo lilikuwa jema kubwa. Lakini kufuta ada hakukujaza makabati ya dawa. Mtu alitibiwa bure, kisha akatoka na karatasi mkononi akanunue dawa dukani. Mwezi uliofuata, huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Miaka ikapita Uganda isifikie kiasi hicho.

Ndipo likaja shauri la bima. Mswada wa 2019 ulitaka mwenye mshahara akatwe asilimia 4, na mwajiri aongeze asilimia 1. Waajiri walinung'unika, wafanyakazi nao wakauliza: mbona tulipe na dawa hazipo? Bunge liliupitisha tarehe 31 Machi 2021, lakini Rais hakuutia sahihi, na Bunge lile likamaliza muda wake.

Asemaye dawa zitangulie, asema kweli. Na asemaye dawa hazinunuliwi bila fedha, naye asema kweli. Lakini yuko wa tatu asiyesikika: mkulima na mchuuzi, wasio na mshahara wa kukatwa. Hao ndio wengi. Jirani zetu wa Rwanda walianza majaribio ya mfuko wa afya mwaka 1999 katika wilaya tatu, kila nyumba ikichanga kidogo kwa mwaka. Baadaye michango ilipangwa kwa uwezo wa kila nyumba, na mafukara wakalipiwa.

Ndugu zangu, kwetu hafiwi mtu akakosa sanda. Twachanga siku ile ile. Basi tu hodari wa kumchangia maiti, ila mgonjwa twamwacha auze shamba lake. Naomba chama chetu kifanye mambo mawili. Kwanza, kimwulize kila mgombea wa ubunge, awe wa upande wowote: maskini atalipiwa na nani, na hesabu za mfuko zitakaguliwa na nani? Pili, kando ya daftari la mazishi, tufungue daftari la wagonjwa. Haba na haba hujaza kibaba.