Baridi Yabisi: Tuijue na Tuipunguze kwa Njia Zilizo Mikononi Mwetu

(Maelezo haya yalitolewa na mhamasishaji wa afya ya jamii mbele ya mkutano wa wazee na walezi wao, kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.)

Najua wengine mmetembea polepole kutoka mbali, na kutembea kwenyewe ndiyo shida iliyotukutanisha hapa.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Mama aliyevuka Ziwa Tanganyika mwaka ule akiwa na miaka 40, mtoto mgongoni na furushi kichwani, leo anakaribia miaka 70. Magoti yake yamebeba maji, kuni, posho na wajukuu muda wote huo. Ndiyo maana karibu kila nyumba ninayotembelea nasikia neno moja: "Mwanangu, miguu imekataa."

Leo nataka tuelewane jambo moja. Maumivu haya mara nyingi hayaishi kabisa, lakini yanaweza kupungua. Kinachosaidia zaidi ni kuutembeza mwili kila siku kwa kipimo, si vidonge visivyo na jina. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

KOSA NILILOFANYA

Bibi yangu aliumwa magoti mpaka usiku halali. Mtu mmoja aliyekuwa akiuza dawa sokoni akaniambia anayo dawa ya mifupa. Vilikuwa vidonge vya rangi mbili, vimefungwa katika kipande cha nailoni, bila jina wala maelekezo. Mimi nimemaliza sekondari, kusoma najua, lakini pale hapakuwa na cha kusoma. Hilo peke yake lilitosha kunionya. Nikanunua.

Siku ya tatu bibi aliamka bila kushikwa mkono. Akaenda kusali kwa miguu yake. Majirani wakaja kuniuliza dawa hiyo inapatikana wapi, nami nikawaelekeza. Baada ya wiki kadhaa uso wake ukaanza kuvimba, tukasema amenenepa. Kisha akapata choo cheusi kama lami, asituambie. Asubuhi moja akaanguka bombani. Hospitalini daktari alitueleza kwamba tumbo lilikuwa linatoka damu kwa sababu ya zile dawa. Akaongezwa damu, akapona, namshukuru Mungu. Lakini ilinibidi nipite nyumba kwa nyumba kwa wale majirani niliowaelekeza, niwaombe waache na waende kupimwa. Tangu siku ile sitaki mtu mwingine ajifunze kwa njia niliyojifunza mimi.

KIUNGO NI NINI NA KINAHARIBIKAJE?

Kiungo ni mahali mifupa miwili inapokutana. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu laini na imara kama kile mnachokiona mweupe kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Katikati kuna ute unaolainisha, na nje kuna kano na misuli inayokishika kiungo kisiyumbe.

Sisi tumezoea kuita kila maumivu ya hapo baridi yabisi, na wengine huita rumatizimu. Kumbe ni magonjwa mengi. Nitataja matatu.

La kwanza ni kuchakaa kwa kiungo. Hili ndilo la wengi waliopo hapa. Gegedu linapungua na kukwaruzika, kiungo kinauma unapokitumia na kupoa unapopumzika. Asubuhi kinakaza, lakini kwa kawaida kinalegea kabla ya nusu saa. Hushika magoti, nyonga, vidole na mgongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa nalo. Basi, mama, hukurogwa, wala si laana ya ukoo wako.

La pili hutokana na kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Huwapata wanawake kuliko wanaume, hata wenye umri wa miaka 30 au 40. Dalili zake: vidole na vifundo vya mikono vinavimba pande zote mbili, asubuhi vinakaza kwa saa nzima au zaidi, na mwili unachoka. Huyu asikae nyumbani akajichua. Zipo dawa za hospitali zinazouzuia ugonjwa huu, na zikichelewa viungo hupinda visirudi.

La tatu ni jongo. Huja ghafla, mara nyingi usiku, na mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Kinakuwa chekundu, kina moto, hata shuka ikikigusa unapiga kelele. Pombe, nyama nyekundu, maini na figo huliamsha. Mwenye jongo aache pombe na amwone mganga wa kituo.

Na baridi je? Baridi hukaza misuli na kuongeza maumivu, hasa alfajiri. Lakini baridi siyo inayoleta ugonjwa. Kuoga maji ya baridi ujanani hakukukuharibia magoti.

DALILI ZA KUKIMBILIA KITUO CHA AFYA SIKU HIYO HIYO

1. Kiungo kimoja kimevimba ghafla, kina moto, na mtu ana homa. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, nao unaweza kukiharibu kwa siku chache tu.
2. Mtoto anayekataa kukanyaga mguu, au aliyevimba mikono na miguu. Inaweza kuwa ugonjwa wa selimundu au maambukizi.
3. Umeanguka na huwezi kusimama.
4. Mgongo unauma na miguu inakufa ganzi, au mkojo na choo vimekataa kutii.

Kiungo kinachouma kwa wiki nyingi huku mtu anakonda na kutoka jasho usiku nacho kipelekwe, maana kifua kikuu huingia hata kwenye mifupa.

DAWA ZA NYUMBANI: ZIPI ZINASAIDIA?

Kukanda kwa maji ya moto. Kiungo kilichokaza bila kuvimba, kikande kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 hadi 20. Jaribu kwanza kwa upande wa ndani wa mkono wako, hasa kama mgonjwa ana kisukari, kwa kuwa huenda hasikii moto. Fanya hivyo asubuhi kabla ya mazoezi. Kiungo kilichovimba na chenye moto, kifunike kwa kitambaa chenye maji ya baridi ya mtungini.

Kuchua kwa mafuta. Mawese, ufuta au mafuta ya nazi, yote ni sawa. Mafuta hayaingii ndani ya mfupa. Kinachosaidia ni mkono unaochua: misuli inalegea na mgonjwa anajua hajatupwa. Chua juu na chini ya goti taratibu, usibonyeze palipovimba.

Tangawizi na manjano. Wataalamu wamevipima vyote viwili kwa watu wenye magoti yaliyochakaa, na vimeonekana kupunguza maumivu kwa kiasi. Nasema kwa kiasi, usitarajie muujiza. Tia tangawizi iliyopondwa katika chai, tia manjano katika maharage. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mama mjamzito, na mwenye vidonda vya tumbo wasinywe kwa wingi bila kumwuliza mganga.

Pilipili. Ni kweli kwamba kuna dawa ya kupaka inayotengenezwa kwa kiini cha pilipili. Lakini hiyo imepimwa kiwandani. Pilipili ya kupondwa nyumbani huunguza ngozi na macho. Iacheni kwenye mboga.

Chale na chuku. Hapa nazungumza kwa heshima kwa wazee wetu wanaozitumia. Wembe uliotumika kwa mtu mwingine unaweza kukupa virusi vya UKIMWI au homa ya ini, na kidonda juu ya goti kinaweza kupeleka usaha ndani. Hasara yake ni kubwa kuliko faida.

MAZOEZI YA KILA SIKU

Wengi husema, "Goti linauma, nalipumzisha." Siku mbili za kupumzika si mbaya. Miezi miwili ni hatari. Bawaba ya mlango usiofunguliwa hushika kutu, na misuli isiyofanya kazi husinyaa, goti likabaki peke yake kubeba mwili. Fanyeni haya asubuhi na jioni:

1. Kaa juu ya kiti au kitanda. Nyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke, hesabu polepole hadi tano, shusha. Mara 10 kila mguu.
2. Lala chali juu ya mkeka, goti moja umelikunja. Inua mguu mwingine ukiwa umenyooka, kiasi cha shibiri moja kutoka chini. Hesabu hadi tano, shusha. Mara 10.
3. Ukiwa bado umelala, vuta kisigino taratibu kuelekea makalio, kisha kirudishe. Mara 10.
4. Kaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Simama, kisha kaa polepole bila kujitupa. Anza na mara 3, mpaka ufike 10.
5. Kwa mikono: kunja ngumi bila kukaza, fungua vidole vyote, kisha gusisha kidole gumba na kila kidole kwa zamu. Mara 10. Wakati mzuri ni mikono ikiwa ndani ya maji ya uvuguvugu.
6. Tembea. Leo mpaka kwa jirani, wiki ijayo mpaka kanisani au msikitini.

Kipimo ni hiki. Kuuma kidogo wakati wa mazoezi si kosa. Lakini maumivu yakizidi saa mbili baada ya kumaliza, kesho punguza nusu. Usiache kabisa. Haba na haba hujaza kibaba.

FIMBO, MZIGO NA CHOO

Fimbo si aibu. Lakini wengi huishika upande usio sahihi. Goti la kulia likiuma, shika fimbo mkono wa kushoto, na viende mbele pamoja. Fimbo ifike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima, mikono imelegea.

Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji, na uzito wote huo unapita magotini. Chota lita 5 au 10 na urudi tena, au kijana wa nyumba achote. Na kwa ndugu wachache walionenepa: kila kilo moja unayopunguza hulipunguzia goti karibu kilo nne katika kila hatua.

Pika ukiwa umekaa juu ya kigoda kirefu, usichuchumae. Chooni ndiko wazee wengi huteseka na kuona aibu kusema. Fundi seremala anaweza kukata tundu katikati ya kiti kikuukuu na kukiweka juu ya shimo. Mweke na nguzo ya kushikia. Kazi hiyo haimalizi siku nzima, na inamrudishia mzee heshima yake.

KUHUSU VIDONGE

Parasetamoli husaidia kiasi. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na mzee aliyekonda au mwenye ugonjwa wa ini apangiwe pungufu. Diklofenaki na ibuprofeni ni kali kwa tumbo na figo. Zitumike baada ya kula, kwa siku chache, kwa ushauri wa mganga, na zisichanganywe pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au presha aseme kabla hajapewa.

Dawa isiyo na jina usinywe. Mara nyingi ndani yake wamechanganya hizo nilizotaja na dawa nyingine kali zinazoondoa uvimbe haraka, kisha zinavimbisha uso, kupandisha sukari, kudhoofisha mifupa na kuushusha mwili kinga. Kama umezitumia kwa wiki nyingi, usiziache ghafla ukiwa peke yako nyumbani, maana hilo nalo lina hatari. Njoo nazo kituoni leo hii. Hakuna atakayekugombeza. Ukiona choo cheusi au ukitapika damu, usingoje hata kesho.

MWISHO

Vijana wenzangu, nina ombi kwenu. Kila mmoja achague mzee mmoja: wa nyumbani kwake, au yule asiye na mtu. Mchotee maji. Mchukulie posho yake siku ya mgao na kuifikisha yote. Kisha kaa naye dakika 10, mfanye mazoezi pamoja.

Bibi yangu bado anaumwa magoti, siwadanganyi. Lakini kila asubuhi anakaa kitandani, ananyoosha mguu, anahesabu hadi tano kwa Kibembe, na wajukuu wanahesabu pamoja naye. Juzi alitembea mwenyewe mpaka bombani, fimbo mkononi. Hakuchota maji. Alisema alikwenda kuwasalimu watu tu.

Sasa simameni, anayeweza. Asiyeweza abaki amekaa. Tunyooshe mguu wa kulia, tuhesabu wote pamoja.